Bi Dakika, Stesheni Masta Aliyeizuia Treni

Ndugu zangu wafiwa, majirani, wafanyakazi wa zamani wa reli mliosafiri tangu alfajiri, na nyote mliokataa tulie peke yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, mwalimu mstaafu, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nawaambia mapema kwamba karatasi zangu ni nyingi kuliko mlivyozoea, na kwamba mengine yaliyomo hayakuandikwa ili kumfariji mtu.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi wa reli, hatua mia mbili kutoka jukwaa la stesheni ya mji wetu, baba yetu akiwa mwasha taa, mtu wa kupanda nguzo za ishara na chupa ya mafuta ikining'inia kiunoni, na mama yetu akiwa mfagiaji wa chumba cha abiria. Tulizaliwa watano, tukakua wawili, na tangu Jumanne iliyopita nimebaki mimi.

Kwa kuwa wengi wenu mmelikuta jengo lile likiwa ghala la mabati, niruhusuni niseme stesheni ile ilikuwa nini, kwa sababu maisha ya marehemu hayaelezeki bila hiyo. Ilifunguliwa tarehe 1 Juni 1931, ikiwa mwisho wa tawi la reli lenye urefu wa kilomita sitini na moja kutoka kwenye makutano, yaani mji ambako tawi letu liliungana na reli kuu, jengo la mawe lenye vyumba vinne, dirisha la tiketi, chumba cha abiria chenye mabenchi mawili, ghala la vifurushi, na ofisi ya stesheni masta iliyokuwa na simu ya kuzungusha, iliyokaa miaka mingi ikiwa simu pekee ya mji mzima. Treni ilikuja Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, ikachukua pamba, mbao na ngozi, ikaleta chumvi, saruji, magazeti ya juzi, barua, vitabu vya shule na majeneza, na wagonjwa wetu walilazwa kwenye benchi refu la behewa la mwisho wakafika hospitali ya makutano kwa saa mbili na dakika arobaini. Maji ya tangi la stesheni ndiyo tuliyokunywa kila kiangazi, na shule yangu haikuwahi kununua saa, tulipiga kengele yetu baada ya kuisikia ya stesheni.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya hapa mjini kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha sekondari kule makutano kuanzia 1964 hadi 1967, akienda kwa treni ya Jumatatu na kurudi kwa ya Jumamosi, na tarehe 3 Januari 1968 aliajiriwa kuwa karani wa tiketi kwenye dirisha lilelile alilokuwa akinunulia nauli yake ya mwanafunzi. Mwaka 1975 alipelekwa chuo cha reli kwa miezi tisa, akashika nafasi ya pili katika darasa la watu ishirini na sita ambalo mwanamke alikuwa yeye peke yake, na tarehe 1 Julai 1979 alikabidhiwa ofisi, simu na bendera mbili, akawa mwanamke wa kwanza kuwa stesheni masta katika tawi lote.

Jina mlilolizoea alilipata wiki ileile ya kwanza, pale gadi mmoja wa treni, mgeni, alipoingia ofisini bila kubisha hodi, akamwona mwanamke ameketi mezani, akasema, "Niitie stesheni masta mwenyewe," naye marehemu akajibu bila kuinua kichwa, "Mwenyewe ndiye huyu, na treni yako imechelewa dakika nne, nieleze zimekwenda wapi." Gadi yule alitoka nje akijipangusa jasho, akawasimulia wenzake, na kuanzia siku hiyo dada yangu akawa Bi Dakika, hata watoto wake mwenyewe wakimtania hivyo wakiwa wamechelewa kurudi nyumbani.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 25 Agosti 1973, na shemeji yangu fundi cherehani, ambaye aliweka mashine yake kwenye baraza la stesheni, kwa kazi alivyosema yeye, kwa wivu tulivyosema sisi, nao wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1974 ambaye leo ni muuguzi, na kijana wa kiume aliyezaliwa 1977 ambaye ni dereva wa lori. Shemeji alitutoka tarehe 6 Februari 2012, na kuanzia hapo marehemu alikaa peke yake katika chumba cha nyuma ya duka la ushonaji, akaiacha mashine ikiwa na uzi wake, wala hakuruhusu mtu aiguse.

Sasa nafika mahali ambapo historia hii ingeweza kusema tu kwamba marehemu alistaafu mwaka 1987, na wapo ambao wangependa niishie hapo.

Jumamosi, tarehe 19 Aprili 1986, baada ya mvua ya siku tano, nyapara wa genge la reli alifika stesheni kwa kiberenge chake, kile kigari kidogo cha relini, saa mbili asubuhi, amelowa hadi kofia, akamwambia marehemu kwamba kwenye kalavati la kilomita ya tisa, pale maji yanapopita chini ya reli, maji yanatoka na udongo wa tuta, na kokoto zimezama upana wa vidole viwili. Treni ya kwenda makutano ilikuwa tayari jukwaani, ikiwa na abiria zaidi ya mia moja, na miongoni mwao alikuwemo meneja wa kanda, aliyekuwa akiwahi mkutano. Marehemu alipiga simu makao makuu, akajibiwa kwamba hakuna taarifa ya hatari na treni iondoke, naye akaweka simu chini, akatoka na bendera nyekundu, akasimama mbele ya kichwa cha treni.

Dereva wa siku hiyo, mtu wa utani aliyekuwa akimletea magazeti, alimwambia, "Bi Dakika, leo ni wewe unayenichelewesha?" Marehemu akasema, "Leo ni mimi, shuka unywe chai." Meneja wa kanda hakutaka chai. Alishuka akauliza kwa sauti iliyosikika hadi sokoni ni amri ya nani inayomzuia, akaambiwa ni ya stesheni masta, akauliza ni mhandisi gani aliyemwambia, akaambiwa ni nyapara, akacheka. Walikaa saa tatu na dakika ishirini, mpaka mhandisi alipokuja kutoka makutano, akateremka kwenye kalavati akiwa na mwavuli, akasema tuta ni zima, treni ikapita polepole, na kalavati halikutikisika. Nyapara alibaki pale anaonyesha zile kokoto kwa kidole, na hakuna aliyemtazama.

Barua ya onyo ilitoka tarehe 2 Mei, ikimtaka aombe radhi kwa maandishi ndani ya siku saba, la sivyo afukuzwe kazi na kuhama nyumba ya reli. Dada yangu alikataa. Siku ya sita shemeji alinijia shuleni, akanitoa darasani, akaniambia, "Mwalimu, wewe peke yako anakusikiliza, nenda kaseme naye." Nilikwenda jioni hiyo, nikamkuta jikoni anachambua mchele, nikamwambia mengi, na yote yalikuwa ya busara, kwamba ni karatasi tu, kwamba wakubwa wanapenda kuombwa, kwamba binti yuko darasa la sita na kijana darasa la tatu, kwamba hakuna nyumba nyingine.

Aliniuliza, "Kwa hiyo niombe radhi kwa kuwa na macho?"

Nikamwambia, "Omba radhi ubaki hapo, ukibaki utaona tena, ukifukuzwa utaonea wapi?"

Aliendelea kuchambua mchele, nami nikachukua hiyo kuwa ndiyo, nikaketi mezani pake nikaiandika ile barua kwa mkono wangu, tarehe 8 Mei 1986, kwa mwandiko wangu wa ubaoni ambao wengi wenu niliwafundishia. Iko sentensi moja humo niliyoionea fahari nilipoiandika, nayo inasema, "Naahidi kwamba sitaingilia tena mwendo wa treni yoyote, kwa neno wala kwa kitendo, isipokuwa kwa amri ya mkubwa wangu." Nilimsomea mara mbili. Alifuta mikono, akatia sahihi, akasema, "Umeandika vizuri, mwalimu," na mimi, mpumbavu, nikasema ahsante.

Hawakumfukuza, walimshusha cheo, wakamnyang'anya bendera zote mbili na kumpeleka ghala la vifurushi, na ofisini wakamweka bwana mmoja kutoka makutano ambaye sitamtaja kwa lolote, maana amekwisha kufa naye ana watoto. Nyapara aliandika mara tatu kuomba mawe na saruji kwa ajili ya kalavati lile, mara ya tatu akajibiwa kwamba mhandisi alikwisha kulikagua.

Jumatano, tarehe 3 Desemba 1986, ilikuwa siku ya nne ya mvua, nyapara akaja na habari ileile, safari hii kokoto zimezama kiganja kizima. Marehemu aliyasikia mazungumzo kupitia ukuta wa ghala, akatoka, akaenda kusimama kwenye mlango wa ofisi iliyokuwa yake. Alimwambia yule bwana, "Mkubwa wangu, mzuie dereva, au basi mwambie aende mwendo wa mguu akifika pale." Yule bwana akajibu, "Nimeshapiga simu, wamesema ipite, na wewe mama una vifurushi vyako, hayo mengine uliyaahidi mwenyewe."

Treni hiyo ilikuwa ya mizigo, mabehewa saba ya pamba, na dereva alikuwa yuleyule wa magazeti. Iliondoka saa nne na dakika arobaini. Marehemu alikuwa amesimama mlangoni pa ghala, na kichwa cha treni kilipompita dereva alitoa kichwa dirishani, akacheka, akampungia mkono. Dada yangu akainua mkono wake. Nimeishi naye miaka thelathini na tano baada ya siku hiyo, na ninaamini hakuna aliyejua zaidi yake mwenyewe kama mkono ule ulipanda kumzuia au kumwitikia, lakini dereva alidhani ameitikiwa, akaenda. Tuta liliondoka chini ya mabehewa manne na kichwa cha treni, na dereva na msaidizi wake walitolewa kesho yake mchana.

Tume ya uchunguzi ilikaa tarehe 10 na 11 Februari 1987, katika chumba cha abiria, wajumbe watatu wakiwa wameketi kwenye benchi moja na sisi watazamaji tukiwa tumesimama hadi jukwaani. Walimwita marehemu siku ya pili. Mwenyekiti alimuuliza, "Ulijua kalavati ni bovu?" Akasema, "Nilijua." Akamuuliza, "Kwa nini basi hukuizuia treni, na mwezi wa Aprili uliweza?" Marehemu akamwambia atazame kwenye jalada lake, barua ya Mei, na mwenyekiti akaitafuta, akaisoma kwa sauti, pamoja na ile sentensi yangu. Kisha akamuuliza, "Hii umeiandika wewe, au kuna mtu aliyekuandikia?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha la tiketi, hatua nne kutoka kwake. Alinitazama, wala si kwa muda mrefu, akamgeukia mwenyekiti, akasema, "Nimeiandika mwenyewe."

Nami nikanyamaza. Mwandiko wangu ulikuwa umejaa katika daftari za watoto wa nusu ya watu waliokuwemo chumbani mle, na nikanyamaza, kwa sababu mwezi ule nilikuwa natarajia kupewa ualimu mkuu, na niliupata.

Taarifa ya tume ilitoka mwezi Agosti. Ilisema mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, ilisema mhandisi alifanya kazi yake kwa kadiri ya hali ya siku ile, na ilisema karani wa vifurushi hakutoa tahadhari yake kwa uzito uliostahili. Aliyezuia treni alikosa kwa kuizuia, na alipoiacha ipite alikosa kwa kuiacha, na aliyekosa mara zote mbili ni mmoja. Aliachishwa kazi tarehe 30 Septemba 1987, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, wakahama nyumba ya reli kwa mkokoteni, safari tatu, na ya mwisho ikabeba cherehani.

Mjane wa dereva, ambaye yuko hapa nasi, ameketi safu ya mbele kwa ombi la marehemu mwenyewe, alikuja dukani kwa shemeji mwezi uliofuata. Watu walidhani amekuja kugombana, na kwa kweli alikuwa amekuja kugombana, ameniruhusu niseme hivyo. Aliuliza swali moja, "Wanasema alikupungia, ni kweli?" Marehemu akasema, "Ni kweli, alikuwa anacheka." Mjane akauliza, "Na wewe?" Marehemu akasema, "Na mimi nilinyoosha mkono, dada, badala ya kulala relini." Mama huyu alikaa chini kwenye vipande vya vitambaa, wakakaa hivyo wawili mpaka duka likafungwa, na tangu siku hiyo hawakupitisha mwezi bila kutembeleana, wala mimi sikuwahi kuingia walipokuwa pamoja, nilikuwa napita nje.

Kila mwezi wa Desemba marehemu aliandika makao makuu ya reli kuomba jambo moja, kwamba maneno yale ya taarifa yasahihishwe, na aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kubanana, hakuniomba tena msaada. Alijibiwa mara mbili, mara moja kwamba suala lake linashughulikiwa, na mara nyingine kwamba jalada halionekani. Treni ilipunguzwa ikawa ya Jumamosi tu, ya mwisho iliondoka tarehe 30 Julai 1994, na mwaka 2003 reli zenyewe ziling'olewa zikauzwa chuma chakavu, na ofisi iliyokuwa haina jalada lake ikaonekana kuwa na orodha kamili ya mataruma yaliyolazwa chini ya reli hizo. Siku reli zilipokuwa zinang'olewa marehemu hakutoka nje. Alisema ana nguo za watu za kumalizia.

Ugonjwa wake ulianza kwa shinikizo la damu mwaka 2015, na tarehe 2 Mei 2021 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa yanatoka moja moja. Binti yake alichukua likizo akamuuguza, na hali ilipobadilika, tarehe 5 Novemba, mwanawe alimbeba kwa lori kumpeleka hospitali ya makutano, na kwa matope ya barabara ile, safari ya treni ya saa mbili na dakika arobaini iliwachukua saa tisa.

Nilimfuata kesho yake. Nilimkuta macho, nikamshika ule mkono uliolegea, nikamwambia kile nilichopaswa kumwambia mwenyekiti wa tume, kwamba barua ni yangu, kwamba sentensi ni yangu, kwamba niliacha aubebe mzigo wangu nikapanda cheo, nikalia kama mtoto. Alisubiri nimalize. Kisha akasema, kwa tabu, neno baada ya neno, na binti yake ni shahidi, "Mimi nilikuwepo. Waambie ambao hawakuwepo."

Nilimuuliza kama amenisamehe. Alifumba macho, na sijui kama alikuwa amechoka au alikuwa amejibu.

Alifariki Jumanne, tarehe 9 Novemba 2021, saa kumi na dakika saba alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mimi.

Basi nimewaambia. Wanafunzi wangu mlioko hapa, ambao nimewafundisha kusema kweli kwa miaka thelathini na moja, mnayo haki ya kunitazama mnavyotaka tukitoka.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao hawakuchoka kumgeuza na kumsafisha, inawashukuru majirani waliolisukuma lori kwenye matope sehemu nne, mafundi cherehani wa mjini walioishona sanda bila kuulizwa, na mzee nyapara, ambaye ana miaka tisini na moja, haoni tena, na ameomba apelekwe hadi kaburini kwa miguu yake. Tunamshukuru pia afisa wa reli aliyefika asubuhi ya leo na shada la maua, akiwa na ombi kutoka kwa wakubwa wake kwamba mambo ya mwaka 1986 yasisomwe mbele ya watu. Shada tumelipokea.

Dada, uliwaambia mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa sahihi. Pumzika sasa, kwa amani ambayo sisi hatukukupa.